Sauti ya Gita Ilivyofika Kolo

Kolo ni kijiji cha barabarani. Ukitoka Dodoma kwenda Babati kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, unapita Kondoa mjini, kisha unafika hapo. Wageni husimama kuulizia njia ya kwenda kwenye michoro ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Miaka ya 1970, mtu wa vijiji hivi aliyetaka kusikia gita la umeme alitegemea redio ya betri na matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Sauti ya gita la aina hiyo ilikuwa na historia ndefu, na sehemu yake muhimu ilianzia dukani London.

Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga dramu aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki eneo la Hanwell, alikuwa na wateja vijana waliotaka ampu za Fender kutoka Marekani lakini bei iliwashinda. Yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakaichukua Fender Bassman wakaiiga, ila kwa vipuri vya kwao. Kwenye hatua ya kwanza wakaweka valvu ya ECC83, inayokuza sauti zaidi kuliko ile ya Fender, na baadaye kwenye hatua ya mwisho wakaweka KT66 za Kiingereza. Fender ilikuwa na spika nne za inchi 10 katika kasha lililo wazi nyuma. Wao wakafunga spika nne za Celestion za inchi 12 katika kasha lililozibwa pande zote. Ampu hiyo, JTM45, ikawa mama wa sauti ya roki.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye uzi unaopata moto ndani yake. Ukiipelekea mawimbi makubwa kuliko uwezo wake, huyabana vichwa taratibu badala ya kuyakata ghafla, na katika kubanwa huko huzaliwa sauti za juu ambazo waya wa gita haukuzitoa. Huo ndio mkwaruzo mtamu tunaoujua. Uzuri wake ni kwamba unautii mkono: gusa waya kwa upole, sauti inabaki safi, kaza kidogo, inaanza kuungua. Kwa hiyo mpiga gita wa enzi hiyo alipiga vyombo viwili kwa wakati mmoja, gita na ampu.

Bendi zetu za dansi hazikuufuata mkwaruzo huo, na zilikuwa na sababu ya maana. Katika dansi magita hupokezana: solo linaimba, second solo linajibu, rithim linashona, besi linabeba wote. Magita yote yakikwaruza, hakuna anayesikika. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alijenga jina lake kwa solo safi, kila noti ikijitegemea. Patrick Balisidya, aliyezaliwa mwaka 1946 Mvumi, katika nchi ya Wagogo, alipitia Dar es Salaam Jazz kabla ya kuanzisha Afro 70 mwaka 1970, na mwaka 1977 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos.

Roki nayo haikukosa wenyewe. Sunburst, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, ilichanganya roki, funk na midundo ya hapa, ikarekodi albamu yake ya *Ave Africa* nchini Zambia, ikatoka mwaka 1976. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Ilikuwa miaka migumu kwa kila mwenye vyombo: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na valvu au spika iliyoungua haikuwa kitu cha kupata kirahisi. Bendi nyingi zilipiga vyombo vilivyomilikiwa na mashirika, jeshi au vyama, kama NUTA Jazz iliyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi.

Sasa turudi kwenye ile redio. Spika ya gita ya inchi 12 huishia karibu na mitetemo 5,000 kwa sekunde. Juu ya hapo hutoa kidogo sana. Redio ya masafa ya kati nayo hukata karibu na hapohapo. Matoazi ya dramu yalipoteza mng'ao wake njiani na besi ikakonda kwenye spika ndogo ya redio, lakini gita lilipita karibu zima, kwa sababu lilikuwa limeshakatwa kabla ya kufika kwenye maikrofoni. Ndiyo maana msikilizaji wa mbali na mji aliweza kuzishika solo za RTD noti kwa noti, hata kama hajawahi kuiona bendi jukwaani.

Kijana wa leo anayechomeka gita kwenye kompyuta hukutana na jambo hilohilo kwa upande wa pili. Akiwasha mkwaruzo bila kuigiza spika, anapata nyuki ndani ya kopo, hata programu yake iwe ya bei gani. Akate kwanza yote yaliyo juu ya mitetemo 5,000, ndipo aanze kuchagua ampu.