Babu Mjerumani, Bibi Asiyeandikwa

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, wilayani Kinondoni, yako makaburi ya vita yaliyoanzishwa mwaka 1968, baada ya makaburi 660 ya Ocean Road kuhamishwa ili kupisha ujenzi wa barabara. Waliokuwa na alama walihamishwa na majina yao. Waafrika hawakuwa wamewekewa alama mmoja mmoja, wakazikwa upya katika makaburi ya pamoja. Anayemtafuta babu Mjerumani na anayemtafuta babu Mmanyema aliyekufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia wanaanza safari zisizolingana.

Kwa Mjerumani, karatasi zimejaa. Bandari ya Hamburg iliandika majina ya abiria wake tangu mwaka 1850 hadi 1934, na meli za Deutsche Ost-Afrika Linie zilianza safari za pwani yetu mwaka 1890. Dar es Salaam ilikuwa na gazeti lao, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, kuanzia 1899. Mafaili ya serikali yao yamo katika Nyaraka za Taifa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani walikuja kuyapanga. Mwandiko wa kizamani wa mafaili hayo unawasumbua hata Wajerumani wa leo, lakini anayevumilia huzawadiwa. Mwaka 1913 Wazungu wote wa koloni hawakufika 6,000, na katika jamii ndogo namna hiyo mtu huacha nyayo.

Uzi hukatika kwenye vita. Kufikia 1920 Waingereza walikuwa wamewarudisha kwao Wajerumani walio wengi. Milango ikafunguliwa tena mwaka 1925, na vita ya 1939 ikawapeleka wengi kizuizini. Ndiyo maana familia moja hutoweka Dar es Salaam ghafla, kisha ikaonekana kwenye daftari la mji mdogo wa Ujerumani.

Linaloniuma ni tawi lililobaki hapa. Wapo watoto waliozaliwa na baba Wajerumani na mama zetu wa pwani na bara. Mwaka 1906 serikali ya koloni ilipiga marufuku ndoa za kiserikali baina ya Wazungu na Waafrika. Kwa hiyo msajili hakuwa na ndoa ya kuandika, na mtoto mara nyingi alikua kwa wajomba zake, kwa jina la upande wa mama. Kusema leo kwamba ushahidi haupo ni kuwaonea mara ya pili, maana ushahidi huo ulizuiwa kwa amri.

Kwa kulinganisha, tazama kisa cha Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani, naye Husen alilitumikia jeshi hilo tangu utotoni. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa, akafundisha Kiswahili chuoni, na Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner. Ndoa ambayo Mjerumani na Mwafrika wasingeweza kuifunga mbele ya msajili wa Dar es Salaam baada ya 1906 iliandikwa Berlin. Wanazi walimkamata mwaka 1941, akafia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliweza kuandika maisha yake kwa sababu kila hatua, toka dai la mshahara hadi kambini, iliacha karatasi.

Binti wa Dar es Salaam aliyezaa na karani wa Kijerumani hakuacha hata moja. Kwa hiyo mjukuu wake wa Temeke au Mbagala asianzie Hamburg. Aanze kwa bibi: aliishi mtaa gani, alizikwa wapi, nani alimlea mtoto, ndugu wa upande wa mama wako wapi. Akishapata mahali na mwaka, hapo ndipo aende Nyaraka za Taifa, akatafute Mjerumani gani alikuwa na kazi mahali hapo wakati huo.