Shaba Yaenda, Kitambaa Chaja

Kaftani ya satini yenye mawe haitundikwi. Fundi wa Lubumbashi anayeijua kazi yake atakuambia hivyo kabla hujamlipa. Mawe ya shingoni na kifuani yana uzito. Vazi likining'inia mwezi mzima mabega yanavutika, shingo inapanuka, na nguo iliyokukaa vizuri siku ya kujaribu inakulegea siku ya harusi.

Mjini wengi huiita nguo ya Dubai, kana kwamba imeshuka na ndege juzi. Mimi naiona kama mgeni aliyekuja kwa njia kongwe kuliko mji wenyewe. Kabla Élisabethville, Lubumbashi ya leo, haijazaliwa mwaka 1910, shaba ya Katanga ilikuwa inabadilishwa kwa nguo zamani. Kalasa, mfanyabiashara Mnyamwezi, alikuja huku akitafuta shaba. Mwanawe M'siri alibaki, na kuanzia miaka ya 1850 akajenga ufalme wa Bayeke ambao makao yake yalikuwa Bunkeya. Kutoka Bunkeya zilitoka shaba, chumvi na pembe za ndovu. Walitoka pia watu, waliouzwa utumwani, na anayesimulia habari za nguo asilipite hilo kimyakimya. Misafara ilirudi na bunduki, baruti, shanga na kitambaa. Kitambaa wakati ule kilikuwa zaidi ya vazi: kilikuwa fedha, kilikuwa mahari, kilikuwa zawadi ambayo mfalme alimpa mtu wake ili kila aonaye ajue amekubaliwa. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini njia ya shaba na nguo haikuzikwa naye.

Waswahili wa pwani walikuwa na jina la satini kabla ya hili tulilonalo: atlasi, neno la Kiarabu la kitu laini. Hili la satini hurudishwa hadi Zaitun, jina ambalo Waarabu waliupa mji wa bandari wa Quanzhou huko China. Kaftani nayo ni neno la Kiajemi lililopita kwa Waturuki, na kaftani za masultani wa Kiosmani zimehifadhiwa hadi leo katika jumba la Topkapı, Istanbul. Sultani alimvika kaftani mtu aliyetaka kumheshimu. Sijui Mkatanga wa Bunkeya angeshangaa nini hapo.

Dola la masultani hao lina uzi mwingine uliofika kwetu. Reli ilipoingia kutoka kusini mwaka 1910, walikuja pia wafanyabiashara Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa chini ya Waosmani tangu 1522 hadi 1912. Walifungua maduka, nguo ikiwa miongoni mwa biashara zao kubwa, na sinagogi lao bado limesimama mjini. Sisemi walituletea kaftani. Wakati ule mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na mkewe walihitaji pamba imara, na vazi la mama wa mji likawa kikwembe, yaani kitenge. Mwaka 1971 nchi ilipoitwa Zaire, siasa ya kurudi kwenye asili ilikifanya kikwembe kuwa vazi la lazima, maana suruali na sketi fupi zilikatazwa kwa wanawake. Katazo lililegea baada ya Aprili 1990, Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Mama aliyezoea kikwembe na blauzi yake, kila kipande kikikatwa na kufungwa kwa namna yake, sasa alikuwa na nafasi ya kuchagua, hata kaftani.

Leo malori ya shaba yanapanga foleni mpakani Kasumbalesa, yanavuka Zambia, yanashuka mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kwa barabara hiyohiyo zinapanda bidhaa za soko la Kariakoo na za Dubai, vitambaa vikiwamo, mara nyingi kwa jasho la akina mama wanaolala safarini wakilinda mabunda yao. Hao ndio Bayeke wa siku zetu, nami nawavulia kofia.

Kuivaa kaftani si kazi ngumu ukikumbuka kwamba shingo imeshapambwa. Acha mkufu, hereni zinatosha. Mkanda mwembamba kiunoni huokoa umbo, na ndani vaa shimizi ya pamba, kwa sababu satini ya siku hizi, ambayo nyingi ni poliesta, hung'ang'ania mwili wakati wa kiangazi.

Kiangazi ndicho adui. Vumbi letu jekundu huingia kwenye zari na chini ya mawe. Usilisugue: kung'uta taratibu, kisha tumia brashi laini. Satini hung'aa kwa kuwa kila uzi huruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama, na uzi huo mrefu ulio juu hunaswa na pete, kucha, hata mawe ya vazi lenyewe. Ndiyo sababu hugeuzwa ndani nje kabla ya kuoshwa, kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, bila kukamua. Na hukaushwa kivulini, imelazwa juu ya taulo. Manukato pulizia mwilini kabla ya kuvaa.

Pasi ndiyo imeua kaftani nyingi. Umeme ukikatika tunakimbilia pasi ya makaa, ambayo haina kipimo cha moto. Poliesta huyeyuka, na gundi ya mawe hulainika yakadondoka kama punje. Kama huna namna, ipige kwa ndani, juu ya kitambaa cha pamba, na sehemu yenye mawe usiiguse kabisa. Ukiagiza mpya, mwombe fundi ayashone mawe kwa sindano. Atakutoza zaidi, na ni haki yake, kwa kuwa jiwe moja moja hupita mkononi mwake.

Kisha ilaze sandukuni, mawe yakitazama juu, mikono imekunjwa kifuani, nayo uifunge ndani ya kikwembe cha zamani kilichofuliwa hadi kikawa laini.