Ufagio Ukipata Mota, Unakuwa wa Mwanaume

Nikishika ufagio wa kawaida kwa boma letu hapa Khwisero, lazima kuna mtu atacheka. Nikiburuta kifyonza vumbi changu kwenda kwa jirani, mtu huyo huyo ananiita fundi. Vumbi ni lile lile, sakafu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mota, na kuna pesa mwishoni.

Wanaonifuatilia wanajua niliacha chuo mwaka wa pili, na kati ya video moja na nyingine nasafisha viti na makapeti Khwisero, Butere na Luanda. Mashine yangu ni ile ya mtungi: tangi liko chini na magurudumu yake, hosi ndefu, na kichwa cha kusukuma. Wengi huiita vakyumu tu. Nimekaa nayo kiasi cha kuanza kujiuliza ilitoka wapi, na kwa nini inanipa heshima ambayo dadangu hajawahi kupewa kwa kazi ile ile. Jibu liko kwa historia, kwa hivyo leo tunaenda huko.

Kabla ya kapeti

Kukhu hakuwa na kapeti. Alikuwa na sakafu ya udongo, na sakafu hiyo ilikuwa na matunzo yake. Mavi mabichi ya ng'ombe yanachanganywa na udongo na maji, unapiga magoti, unapaka kwa kiganja ukirudi nyuma mpaka mlangoni. Ikikauka inashika, haitoi vumbi. Wiki ijayo unarudia. Watu wa mjini wanaona hiyo ni ushamba. Mimi naona ni teknolojia ya kuzuia vumbi, tena ya bure kama una ng'ombe.

Na haikuwa mapambo tu. Funza, yule mdudu wa vidole, si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Historia inayosimuliwa zaidi ni kwamba mwaka 1872 meli moja kutoka Brazil ilitia nanga pwani ya Angola ikiwa na mchanga wenye funza. Kutoka hapo aliendelea na misafara ya wapagazi, na kabla ya karne ile kuisha alikuwa ameshafika upande wetu wa bara. Jike anaingia kwenye ngozi, anavimba mpaka ukubwa wa punje ya pojo au zaidi, anadondosha mayai, na mayai yanaanguliwa kwenye vumbi. Pale chini, kwenye udongo mkavu uliolegea, ndipo watoto wake wanakulia.

Kwa hivyo mama aliyepaka sakafu kila wiki alikuwa analinda miguu ya watoto wake. Sisi huku magharibi tumeona wazee ambao hawawezi kutembea vizuri kwa sababu ya funza, na watoto walioacha shule kwa sababu ya aibu. Usafi wa sakafu ni afya. Lakini kazi yenyewe iliitwa tu "kazi ya nyumba", na hakuna aliyeilipia.

Mwaka 1901

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alienda kuona mashine ya Mmarekani fulani jijini London. Ilikuwa inapuliza hewa kwenye viti ili vumbi litoke. Vumbi lilitoka kweli, halafu likashuka tena pale pale. Booth akauliza kwa nini isivute badala ya kupuliza, akaambiwa haiwezekani. Inasimuliwa kwamba baadaye aliweka kitambaa juu ya kiti cha mkahawa, akaweka mdomo, akavuta. Karibu akabwe, lakini kitambaa kilikuwa cheusi upande wa chini.

Mashine aliyotengeneza haikuingia nyumbani. Ilikuwa na injini ya petroli, ilivutwa na farasi, inaegeshwa barabarani na mahosi marefu yanapitishwa madirishani. Mwaka uliofuata ilitumika kusafisha kapeti la kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Ona vizuri: kifyonza vumbi kilianza kama huduma ya kulipia, kikiendeshwa na wanaume waliovaa sare. Hakuna aliyewacheka.

Mwaka huo huo wa 1901, mwezi wa Desemba, reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Wakati huo pia wakoloni walikuwa wanaanzisha kodi ya nyumba: kila nyumba ina hesabu yake, na unalipa kwa pesa. Utaipata wapi pesa? Vijana wa Kisa, wa Bunyore, wa Butsotso walitoka kutafuta kazi kwa reli, kwa mashamba, na ndani ya nyumba za wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza kila mwanaume Mwafrika wa umri wa kazi alilazimishwa kubeba kipande. Reli ya kwenda Butere, hapa karibu na sisi, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ikarahisisha safari hizo.

Na hapa ndipo nilishangaa. Kazi ya ndani kwa nyumba za wakoloni Kenya, yaani kufagia, kupiga pasi, kupika, kutandika kitanda, kwa sehemu kubwa ilifanywa na wanaume. Ndiyo maana Kiswahili kina neno "boi" kwa mfanyakazi wa nyumbani, mtu mzima mwenye mke na watoto akiitwa mvulana. Kwa hivyo babu wa mtu fulani anayekuambia leo kwamba mwanaume hafagii, inawezekana alifagia nyumba ya mzungu miaka ishirini, na mshahara huo ndio ulinunua ng'ombe. Akirudi likizo nyumbani, ufagio ulikuwa wa mke.

Janita mwenye pumu

Booth alikuwa mhandisi. Aliyetufikisha kwenye mashine ya kubebwa na mtu mmoja alikuwa janita. James Murray Spangler alikuwa anasafisha duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi la ufagio lilikuwa linamumaliza. Mwaka 1907 akaunganisha mota ya feni, kisanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto ya kukusanya vumbi. Mwaka 1908 akapata hataza, halafu akaiuza kwa W. H. Hoover, mfanyabiashara wa bidhaa za ngozi. Spangler alifariki mwaka 1915. Jina lililobaki ni la Hoover, mpaka Waingereza husema "kuhuva" wakimaanisha kufyonza vumbi. Aliyeugua kwa vumbi ndiye aliyepata suluhisho, na mwenye mtaji ndiye aliyebaki na jina.

Ile ya mtungi, kama yangu, ilipata umbo lake mwaka 1921, kampuni ya Electrolux ya Sweden ilipotoa Model V. Ilikaa chini juu ya vyuma viwili vya kuteleza, na wewe unashika hosi tu. Axel Wenner-Gren aliiuza kwa kutuma wachuuzi mlango kwa mlango, wakimwaga uchafu kwa sebule ya mtu kisha kuufyonza mbele yake. Matangazo yalimuahidi mama wa nyumbani kwamba sasa atapumzika.

Alipumzika? Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan aliandika kitabu kizima kuhusu hili mwaka 1983, na jibu lake ni hapana. Zamani kapeti lilitolewa nje mara moja au mbili kwa mwaka, na wanaume na wavulana ndio walilipiga. Mashine ilipokuja, kapeti likawa la kusafishwa kila wiki, na mama peke yake. Mota ilipunguza jasho, lakini ikaongeza kiwango cha usafi na ikawaondoa wanaume kazini. Nyumbani bila malipo ikawa ya mama, nje kwa malipo ikawa ya wote.

Sasa angalia kwetu. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulishusha gharama ya kuvuta stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na kufikia sensa ya 2019 karibu nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zinatumia stima kwa taa. Udongo ukawa simiti, simiti ikawa tailizi, juu yake kapeti la manyoya. Ule udongo ulipakwa mara moja kwa wiki. Tailizi inapigwa deki kila asubuhi, na mgeni akikuta alama ya kiatu, anayesemwa ni msichana wa nyumba hiyo. Kijana wa nyumba yuko kwa simu. Nyumba imekuwa ya kisasa, lakini mkono unaoisafisha haujabadilika.

Kuitunza ni kuifagia

Wengi mnaniuliza kuhusu kununua, kwa hivyo nawapa ninachojua. Mashine hii haivuti vumbi kwa uchawi. Feni inatoa hewa nje, presha ndani inashuka, na hewa ya nje inakimbilia humo ikibeba uchafu. Hewa hiyo hiyo, kwa nyingi za kawaida, ndiyo inayopoza mota. Kwa hivyo mfuko ukijaa au filta ikiziba, unapoteza nguvu na wakati huo huo unachoma mota. Mwaga kabla haijajaa. Filta ya sponji ioshe, halafu ikauke kabisa, siku nzima. Nywele kwenye brashi zikate kwa makasi. Usifyonze majivu ya moto, usifyonze vumbi la simiti, na kama mashine si ya maji usiipeleke karibu na maji. Ukiona cheche nyingi na harufu ya kuungua, peleka kwa fundi wa mota aangalie kaboni. Ni vipande vidogo, mara nyingi vinabadilishwa na mashine inarudi kazini.

Ukinunua ya mtumba, soma kibandiko. Ya Marekani ni volti 120 na sisi tuko 240, ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Za Ulaya zinafaa kwa volti, lakini angalia wati. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, kisha 900 mwaka 2017, kwa hivyo zile za zamani zinakula tokeni. Ya wati 1400 kwa saa moja ni uniti moja na nukta nne.

Umeona? Hata mashine ya kufagia inahitaji kufagiwa. Mimi nafanya hivyo bila kulalamika kwa sababu ni mali yangu na inanilisha. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Wanaume hatuogopi vumbi, wala hatuna mila ya kale inayotukataza. Babu zetu walifagia walipolipwa, na mimi nafagia ninapolipwa. Tunachokwepa ni ile sehemu isiyo na malipo, na tumeipa jina zuri: utamaduni.

Kwa hivyo vijana wenzangu, ombi ni dogo. Kesho asubuhi, kabla dadako hajaamka, chukua ufagio wa chelewa. Hauna mota wala wati, na hakuna atakayekuita fundi. Fagia mpaka kwenye pembe, kisha uurudishe mahali pake.