Urekebishaji wa Picha za Moyo za Kinyuklia

Kutoka Kamakis, kitongoji cha Ruiru kinachosifika kwa nyama choma, si mbali kufika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kazi mwaka 2019. Hospitali hiyo ina kituo cha picha za kinyuklia chenye mashine za PET-CT na SPECT-CT pamoja na saiklotroni, mashine ya kutengenezea dawa zenye mionzi.

Anayepigwa picha ya moyo kwa SPECT hudungwa dawa yenye teknesiamu-99m, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila saa 6. Dawa hufuata damu hadi kwenye misuli ya moyo, kisha kamera huzunguka kifua ikinasa mionzi ya gama. Pasipofika damu ya kutosha, picha hufifia.

Lakini picha hufifia kwa sababu nyingine pia. Sentimita 4.5 hivi za nyama ya mwili hupunguza mionzi hiyo kwa nusu kabla haijaifikia kamera. Matiti huficha ukuta wa mbele wa moyo. Kiwambo kati ya kifua na tumbo huficha ukuta wa chini, hasa kwa wanaume. Mwenye moyo mzima anaweza kudhaniwa ana mshipa ulioziba, akaingiziwa katheta bure.

Hesabu ya kurekebisha upungufu huo aliyoitoa mtafiti Chang mwaka 1978 ilichukulia kwamba mwili una msongamano mmoja kote. Kichwani inafaa, lakini kifuani, penye mapafu yaliyojaa hewa, inapotosha. Ndiyo maana CT, mashine ya eksirei, ikaunganishwa na kamera: hupima kila sehemu ya kifua, na kompyuta hukadiria mionzi iliyopotea njiani na kuirudisha.

Hapo ndipo pa kuangaliwa zaidi. CT humalizika kwa sekunde, SPECT huchukua dakika kadhaa mgonjwa akipumua. Picha hizo mbili zisipolingana, ukuta wa moyo huangukia kwenye eneo la pafu, kompyuta huurekebisha kidogo mno, na pengo la uongo huzaliwa na marekebisho yenyewe. Msomaji makini hukagua mlingano huo kwanza, kisha huweka picha iliyorekebishwa kando ya ile ghafi.

Pasipo na CT, picha hufuatanishwa na mapigo ya moyo: sehemu iliyofifia ikisogea na kunenepa vizuri katika kila pigo, yaelekea haina kovu. Mgonjwa pia hupigwa picha ya pili akiwa amelala kifudifudi, kiwambo kikashuka na ukuta wa chini ukajitokeza.