Mama wa Mhusika Mtoto: Tulipomsahau na Tulipomkumbuka

Ndugu mwalimu, nawe mtahiniwa, swali likija kuhusu mhusika mtoto aliyekosa malezi, jibu la haraka huwa kwamba mama ni katili. Kabla ya kulikubali, hebu tudurusu historia ya nadharia tunayoiegemea, yaani saikolojia changanuzi.

Melanie Klein alihamia London mwaka 1926. Aliwachanganua watoto wadogo kupitia michezo yao, akashikilia kwamba hofu za mtoto huchimbuka hasa katika njozi zake mwenyewe. Mwaka 1938 daktari kijana, John Bowlby, alimtibu mvulana wa miaka mitatu chini ya usimamizi wa Klein. Mama aliyemleta mtoto alikuwa na wasiwasi mwingi. Bowlby akataka kuzungumza naye, Klein akamkataza. Miezi mitatu baadaye mama huyo alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Bowlby alisimulia kwamba kilichomkera Klein ni usumbufu wa kutafuta mgonjwa mwingine!

Ripoti ya Bowlby kwa Shirika la Afya Duniani, 1951, inakumbukwa kwa kueleza madhara ya mtoto kutengwa na mamaye. Ilitaka pia jamii iwatunze wazazi, jambo ambalo wasomaji wengi huliruka.

Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye, alifika Uganda mwaka 1954. Alitarajia kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa jamaa anapoachishwa ziwa, akakuta imekwisha kufifia. Basi akawatembelea nyumbani akina mama 26 wenye watoto 28, akiketi nao na kuwasikiliza. Katika kitabu chake cha 1967 alionyesha kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama walioweza kueleza kwa kina habari za wana wao. Utaona kwamba aliyekatazwa kusemeshwa kule London, huku ndiye aliyekuwa shahidi mkuu.

Mwalimu uliyeko Korbesa, una mfano ulio karibu zaidi. Wakati wa Vita vya Shifta (1963–1967), Waborana wa Isiolo walikusanywa kambini, zikiwemo za Garba Tulla na Merti, na mifugo wao wakaangamia. Mtoto wa mfugaji hukulia maziwa. Mama alikuwepo, maziwa hayakuwepo. Je, mwanafunzi wako angemwita mama huyo mzembe?

Sasa rejea Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei. Naomi anamwacha Lunga na watoto. Ndiyo, anawatelekeza, na mtahiniwa aseme hivyo. Lakini aeleze pia kwamba familia ilikuwa imefurushwa Msitu wa Mamba na kutumbukia katika ufukara. Kisha amtazame Sauna, mwizi wa watoto. Alinajisiwa na baba wa kambo, naye mamaye akaificha aibu hiyo. Jaribu kumjadili Sauna bila kumgusa mama huyo, uone jibu litakavyopwaya.