Sumu Isiyoonekana Majini

Msomaji, ukifika mto Nzoia, utayakuta maji yake, yaliyoteremka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, yakienda zake Ziwa Viktoria. Ukiyateka katika bilauri na kuyatazama, waweza kusema ni safi. Lakini jicho si shahidi wa kutosha. Shirika la Afya Duniani lataka risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa; yaani gramu 1 katika lita 100,000. Kiasi hicho ulimi hauwezi kukionja.

Basi mwanadamu alipataje kukitambua kitu kidogo hivyo? Mwaka 1922, mjini Prague, Jaroslav Heyrovský alipitisha umeme katika maji yenye chumvi kwa njia ya matone ya zebaki, akaona kwamba kila metali hujitambulisha kwa volti zake. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Waliomfuata wakaongeza hila: kwanza umeme huzivuta metali zilizomo majini, zikajikusanya juu ya kijiti kiitwacho elektrodi, kisha volti hubadilishwa, nazo hurudi majini, kila moja kwa zamu yake. Ukubwa wa mkondo wa umeme wakati huo ndio kipimo cha wingi wake.

Lakini zebaki yenyewe ni sumu. Mlinzi naye alikuwa mwizi. Ndipo mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake wakaonyesha kwamba utando wa bismuthi waweza kushika nafasi yake pasipo hatari hiyo. Wengine wakaitumia mirija ya kaboni, ambayo Sumio Iijima wa Japani aliieleza mwaka 1991. Mirija hiyo ni myembamba kuliko unywele maelfu ya mara, na elektrodi iliyopakwa mirija hiyo hupata uso mpana wa kunasia metali.

Je, elimu hii yatuhusu? Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wanakijiji kwa risasi, kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini fedha haziwezi kuirudisha akili ya mtoto iliyokwisha haribiwa na risasi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ujifunzaye kemia leo, jifunze kuyahoji maji kabla hayajanywewa.