Ngoma Iliyosafiri Bila Wapigaji Wake

Kinama unaweza kutoka Ngozi hadi Gitega kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Vitongoji vya eneo hili la kaskazini mwa Bujumbura vimepewa majina ya sehemu za bara: Ngozi, Gitega, Muramvya, Muyinga, Bukirasazi. Nchi nzima imekunjwa kama kitenge ikawekwa tambarare, huku milima yenyewe ikitazama kwa mbali.

Jumapili moja alasiri niliwakuta watoto watatu uani, kila mmoja na kidumu chake cha manjano, kile cha lita 20 cha kuchotea maji. Viwili vilikuwa vitupu. Cha tatu kilikuwa na maji robo, na sauti yake ilikuwa nzito, ya tumboni. Mmoja alishika pigo moja bila kulibadilisha, kama mtu anayetwanga. Wa pili alikaa katikati akifanya anavyotaka. Wa tatu alimkodolea macho huyo wa katikati, na kila alipogeuza, naye aligeuza. Sidhani kama kuna mtu mzima aliyewapanga.

Mpangilio huo una majina yake kwa Kirundi. Ngoma ya katikati ni inkiranya, ndiyo inayoongoza. Zile zinazoshika pigo lisilokoma ni amashakwe. Zinazoifuata inkiranya ni ibishikizo. Wapigaji, abatimbo, huingia uwanjani ngoma zikiwa vichwani, hujipanga nusu duara, kisha hupokezana ile ya katikati, kila mmoja na miruko yake. Ngoma huchongwa kutoka mti uitwao umuvugangoma, jina ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa: mti unaoisemesha ngoma.

Na ingoma kwa Kirundi si chombo tu. Neno hilohilo ni ufalme. Kilomita chache kutoka mji wa Gitega, Gitega yenyewe ya mlimani, kuna Gishora, mahali ambapo ngoma zilitunzwa tangu enzi za mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo. Zilipigwa kwa ajili ya mwami, na kwenye umuganuro, sherehe ya mtama. Hakuna aliyezitoa nje kwa kujifurahisha.

Novemba 28, 1966, Michel Micombero alimwondoa mwami wa mwisho, Ntare V, akatangaza jamhuri. Mwaka uliofuata Wafaransa walifika na vinasa sauti vyao, wakawarekodi wapigaji 25. Yaani sauti ambayo dunia ingekuja kuiita ngoma za kifalme ilinaswa wakati ufalme umeshazikwa. Santuri yenyewe, Musique du Burundi, ilitolewa Paris na lebo ya Ocora mwaka 1968. Ilikuwa santuri ya wataalamu, ya kukaa kwenye maktaba.

Haikukaa. Mwaka 1971 mwanamuziki aitwaye Mike Steiphenson aliichukua rekodi ile ya ngoma, akaipandikizia piano na magitaa, akaiita Burundi Black. Ilifika nafasi ya 31 kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alikata kipande cha ngoma zilezile, akakizungusha mwanzo hadi mwisho wa wimbo wake The Jungle Line, huku akipiga juu yake gitaa na kinanda cha umeme. Leo kila mwenye kompyuta hutengeneza muziki hivyo, lakini wakati ule ilikuwa kazi ya mkasi na utepe, na waliojaribu walikuwa wachache. Kwenye jalada ngoma zetu zikaandikwa kuwa za mashujaa wa vita. Abatimbo wangecheka. Hizi ni ngoma za mavuno na za mwami, si za kwenda kuchinjana.

Kisha akaja Malcolm McLaren, meneja aliyepata jina kwa kelele za bendi ya Sex Pistols. Kijana mmoja wa London, Adam Ant, alimfuata ampe ushauri wa kuikwamua bendi yake, na miongoni mwa nyimbo alizosikilizishwa ilikuwamo Burundi Black. Mwanzoni mwa 1980 McLaren akamchukulia wanamuziki wake wote, akawaundia bendi nyingine, Bow Wow Wow. Adam akabaki na jina na lile pigo. Akatafuta watu wapya, safari hii wapiga dramu wawili badala ya mmoja, maana mikono miwili haitoshi kuigiza watu 25. Albamu iliyotoka, Kings of the Wild Frontier, ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1981. Waandishi wa kule wakaupa mtindo huo jina la nchi yetu.

Wengi wakifika hapa huzungumzia wizi, na sibishani nao: wapigaji wale hawakutajwa hata kwa majina. Ila nikizisikiliza rekodi hizi kwa utaratibu naona jambo jingine. Kilichochukuliwa ni amashakwe, lile pigo linalotwanga. Ukikata kipande cha ngoma na kukizungusha, inkiranya inakufa, kwa sababu kazi yake ni kufanya ambacho hukukitarajia, na kipande kinachozunguka hakina cha kutotarajiwa. Waingereza walidhani wamepata nguvu ya ngoma ya Burundi. Walipata mtwangio, mtwangaji akabaki mlimani.

Wapigaji wenyewe walifika Uingereza mwaka 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake huko Shepton Mallet. Echo & the Bunnymen, bendi ya kulekule, walipanda nao jukwaani. Tamasha lilipata hasara kubwa, lakini angalau waliokuja safari hii walikuwa watu.

Bujumbura, wakati huo, ilikuwa ikisikiliza mengine. Uvira iko ng'ambo tu ya ziwa, na rumba ya Kongo haikuhitaji pasipoti. Khadja Nin, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959, aliimba kwa Kiswahili akiwa Ulaya, na Sambolera ya 1996 ikapigwa hadi kwa wasioelewa neno. Kwa upande wa ngoma namkumbuka zaidi Jean-Pierre Nimbona, mzaliwa wa Bujumbura mwaka 1974, ambaye alikuwa mpiga dramu kabla ya kusimama mbele na maikrofoni. Vita vya miaka ya 1990 vilimpeleka Nairobi. Huko ndiko alikoimba Haturudi Nyuma na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Jina lake la jukwaani, Kidum, ni kidumu kilekile cha maji.

Vita hivyo Kinama inavijua kwa karibu. Februari 2001 waasi wa FNL waliingia hapa na maelfu wakakimbia na magodoro kichwani. Jirani, kituo cha vijana kiitwacho Centre Jeunes Kamenge kiliendelea kuwapokea vijana wa mitaa sita ya kaskazini, Kinama ikiwamo, Wahutu na Watutsi pamoja, kikapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002.

UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme kwenye orodha yake mwaka 2014. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: ngoma isipigwe nje ya sherehe rasmi bila kibali, anayetaka kuialika alipe faranga 500,000, na wanawake wasiipige kabisa.

Nilikuwa nikiwaza amri hiyo pale uani, kwa sababu yule wa katikati, mwenye kidumu cha maji robo, alikuwa msichana. Alikuwa amefumba macho. Alinyamaza mapigo matatu mazima, wenzake wakabaki wanatwanga wakimsubiri, kisha akarudi mahali ambapo mimi nisingerudi. Mama mmoja akapaza sauti kutoka barabarani kwamba bomba limeanza kutoa maji. Vidumu vyote vitatu vikaondoka mbio.